Wateja wa Makadirio

Siku ya Mikaeli, Yeshi aliamka alfajiri akakaanga buni, akatandaza majani mabichi sakafuni, akapanga vigoda vyake vyote pamoja na vya kuazima. Mkahawa wake ulikuwa chumba kimoja cha mabati kwenye mteremko wa kanisa, na mwaka huo zamu ya kuwakirimu wanachama wa chama cha mtakatifu Mikaeli ilimwangukia yeye. Siku hiyo kahawa haiuzwi. Watu huja, hunywa, humega mkate mkubwa uliookwa ndani ya majani, na anayetoa hela huonekana kama aliyemtukana mwenyeji.

Wakadiriaji wa kodi walitokea wakati mkate unakatwa. Katika mji huo mwenye biashara ndogo haandiki hesabu. Kila mwaka, kabla ya mwezi wa Hamle, ambao ndio mwezi wa kulipa, watu wa ofisi hupita mtaani, husimama mlangoni, hutazama, kisha huandika kile wanachoona kinaingia kwa siku. Walikuwa wawili, Bwana Sisay mwenye koti refu na kikohozi kisichopona, na karani wake.

"Karibuni, karibuni, leo ni ya Mikaeli," alisema Yeshi, akawatafutia pa kukaa, akawapa mkate na kahawa.

Bwana Sisay alitafuna huku akiwatazama watu waliobanana mpaka nje kwenye matope. "Dada, huwa pamejaa hivi siku zote?"

Hapo ndipo Yeshi alipokosea, na hakuna mtu wa mtaa ule ambaye asingekosea vilevile. Siku ya mtakatifu, mtu akikuuliza kama nyumba yako imejaa, husemi hapana. Ukisema hapana umejiapiza mwenyewe.

"Siku zote," akajibu, "kwa uwezo wa Mikaeli."

"Amina," alisema Bwana Sisay, na karani akaandika.

Makadirio yalipobandikwa kwenye ukuta wa ofisi, Yeshi alisoma jina lake, akasoma tarakimu iliyokuwa mbele yake, akarudi tena kwenye jina. Siku ya kawaida aliuza vikombe vya kumpatia pango la chumba, mkaa wa kesho na unga wa mama yake. Ofisi ilikuwa imemwandikia vikombe mia mbili kwa siku, Jumapili zikiwemo. Kodi iliyotoka humo ilizidi birr zote alizowahi kushika tangu aliporudi kutoka Jeddah, alikofua nguo za watu miaka sita ili apate mtaji wa chumba kile. Asipolipa kabla ya Hamle kwisha, mlango ungepigwa lakiri.

Kesho yake, mvua ikimwagika, wakaja. Walikuwa wengi, wazee kwa vijana, na shuka zao nyeupe zilikuwa kavu ingawa njiani maji yalifika vifundoni. Walisalimia kwa utaratibu, wakamuulizia mama yake kwa jina, wakakaa. Yeshi akawamiminia mkupuo wa kwanza, wa pili, na wa tatu ambao wenyewe huuita baraka. Walibariki nyumba na mwenye nyumba, wakainuka kwenda zao. Hakuna aliyetia mkono mfukoni.

"Baba, hela je?" Yeshi alimuuliza mzee wa fimbo aliyekuwa wa mwisho kutoka.

"Hela gani tena, mwanangu? Sisi tumeshahesabiwa."

"Mmehesabiwa na nani?"

"Na ofisi. Sisi ndio wa vile vikombe mia mbili."

Yeshi akaelewa: ofisi iliwaandika, nao wakaja. Mama Zewditu, aliyeuza mboga mlango wa pili, alichungulia akacheka bila furaha. "Wako wana adabu, wanakaa. Wangu wanaminyaminya nyanya, wanachagua zilizo nzuri, wanaondoka nazo."

"Tangu lini, Mama Zewditu?"

"Mwaka wa pili huu. Kwani wewe ulidhani nimekonda kwa kufunga?"

Siku iliyofuata Yeshi hakuwasha moto. Wahesabiwa walikaa kimya wakisubiri, hawakulalamika, na jioni kopo la buni lilikuwa limepungua kana kwamba amemimina kutwa. Basi akarudi kuwamiminia, maana kuwatazama watu wazima wakikaa na kiu kulimtia aibu. Wateja wake wa kweli, wapakuzi wa magunia na walimu wawili wa shule ya msingi, walikuwa wakifika mlangoni, wakitupa jicho ndani, wakigeuza. "Hongera, Yeshi, umeushika mji!" walimtania, wakaenda kunywa kwingine. Ikawa hauzi hata kikombe kimoja.

Alikwenda ofisini kuomba apunguziwe. Bwana Sisay hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia atapita Alhamisi aone kwa macho yake.

Jumatano, wahesabiwa walipokuwa wakijifunika shuka zao waondoke, Yeshi alimpigia magoti mzee wa fimbo. "Baba, kesho msije. Siku moja tu. Wakikuta patupu nimepona."

Mzee alimwinua. Alionekana kuumia kweli. "Tungependa, mwanangu. Lakini sisi hatuendi tunakotaka. Akitufuta yule bwana, hata saa hii tunaondoka, na haki ya Mungu viuno vimetuuma na hivi vigoda."

Alhamisi Bwana Sisay na karani walifika wakakuta pamejaa. Ilibidi wapite kwa ubavu.

"Pamejaa," alisema Bwana Sisay.

"Hawa si wateja, bwana. Haya ni makadirio yako."

Alivaa miwani, akawatazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa kukubali. "Ndio wenyewe. Yule wa fimbo namkumbuka kabisa, ndiye aliyenifikisha mia mbili."

"Basi wafute."

"Dada Yeshi, nitawafutaje watu waliokaa mbele yangu? Mkuu wangu akipita kesho akawakuta hapa, nitamwambia nini?"

"Hawalipi!"

"Kama hawalipi, hayo ni yenu wewe na wao. Mimi kazi yangu ni wanaokuja." Akakohoa, akapokea kikombe kwa sababu kukataa kahawa si uungwana. Karani alimgusa bega, akamwonyesha watu waliosimama ukutani kwa kukosa vigoda. Bwana Sisay aliwatazama kwa huzuni. "Hao hatukuwa nao," alisema. "Waandike wa mwakani."

Yeshi alilia waziwazi, akiwa ameshika birika la udongo. Mama mmoja wa wahesabiwa alikuja akamfuta machozi kwa pindo la shuka yake, nayo haikulowa.

"Usilie, dada. Tuko pamoja nawe."

"Si ndiyo shida yenyewe," alisema Yeshi.

Alifikiria kufunga. Lakini ofisi haikubali urudishe leseni mpaka uwe huna deni, na mtu aliyeshaandikiwa kodi ya mwakani hawezi kuwa hana deni. Kulikuwa na dalali mmoja stendi ambaye hutoa hela mapema kwa wasichana wanaokubali kwenda kufanya kazi Uarabuni, kisha huwakata nusu ya mshahara kwa miaka miwili. Yeshi alikuwa anamjua, kwani ndiye aliyempeleka mara ya kwanza. Siku ya mwisho ya Hamle alisimama kwenye foleni ya ofisi, akalipa zote kwa hela za dalali, akapewa risiti iliyogongwa muhuri vizuri.

Siku aliyosafiri, wahesabiwa walimsindikiza mpaka stendi. Walimbebea sanduku, wakamkumbatia kwa zamu, wengine wakalia, halafu wakapanda mteremko haraka kabla kahawa haijapoa. Aliyewamiminia alikuwa mama yake, Etagegn, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia lakini mkono wake ulikuwa bado unaujua mdomo wa kikombe.

Huko Jeddah, Yeshi hupewa simu Ijumaa, pasi ikiwa inapoa. Kila mwaka, Hamle ikikaribia, hutuma hela za kodi, na kila mwaka hela hizo huwa nyingi kuliko za mwaka uliopita.

"Mkahawa unaendaje, mama?"

"Umejaa, mwanangu. Juzi wamekaa mpaka kitandani kwako. Wanakusalimu sana." Nyuma ya mama yake zikasikika sauti nyingi na vikombe vikigongana. "Wanauliza utarudi lini."

"Waambie nikishamaliza kuwalipia," alisema Yeshi.

Etagegn aligeuka akawaambia, nao wakamwombea Yeshi afya njema na kazi isiyokatika.