Aliyezikwa kwa Niaba ya Andati

Jumanne asubuhi Awinja alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba yake ya kupanga, mtaa wa Amalemba, maharagwe yakichemka jikoni nyuma yake, akimwandikia kwa simu mwanamke aliyekuwa katikati ya bahari kwamba meli haitamngoja. Alikuwa ameshamwambia, na akamwambia tena, kwa sababu wageni wa melini ni watu wa kusahau. Abiria akinunua matembezi kwa wenye meli, hata basi lao likizama matopeni, meli hutulia bandarini ikawasubiri. Aliyejipangia safari yake mwenyewe akichelewa huachwa gatini na begi lake, aitazame ikienda. Awinja alipata riziki yake kwa hao wanaojipangia. Wenzake wa Mombasa walipata wanaotaka simba. Yeye alipata wanaotaka babu zao.

Si kazi rahisi kumtafutia mtu babu. Mmoja alivuka nusu ya dunia akishikilia jina la ukoo wake, na wazee walipolisikia wakaanza kukohoa, maana lilikuwa jina la fahali. Lakini huyu wa Jumanne alikuwa na habari safi. Aliitwa Emily Andati, alikuwa ameendesha basi la shule katika mji mmoja wa bandari kule Uingereza mpaka akastaafu, na babu yake alikuwa mtu wa Butere aliyekwenda vitani, akatoka vitani akaingia kwenye meli kupakia makaa, akafia huko. Aliwaachia wajukuu mambo matatu: jina la Butere, jina la mdogo wake Shikanga aliyekuwa na vidole sita mkono wa kushoto, na sentensi moja waliyoicheka kila Krismasi. Alizoea kusema hawezi kwenda kwao kwa sababu ameshazikwa kule.

Awinja aliposoma habari za vidole sita aliweka simu chini akaenda kuzima jiko. Shikanga alikuwa babu yake mwenyewe, baba wa baba yake. Na Andati pia alimjua vizuri. Andati alikuwa amezikwa nyuma ya jikoni, nyumbani kwao Butere, na jioni alikuwa akitoka.

Kila mtu pale nyumbani alijua kwamba kilichozikwa ni mgomba. Vita vilipokwisha na Andati asionekane, mdogo wake alifanya kama wanavyofanyiwa wote ambao miili yao haikupatikana: alikata gogo la mgomba urefu wa mtu, akalifunga blanketi, likaliliwa, likaombewa, likateremshwa kaburini, watu wakala wakatawanyika. Roho nayo inahitaji mahali pa kuweka kichwa. Mvua mbili tatu zikapita, na jioni moja, saa ya kuku kuingia ndani, akatoka. Alikuwa na unyevunyevu, ameinama kidogo, ukijani chini ya makwapa, blanketi begani. Akakaa kwenye benchi la ukuta wa jikoni akaomba maji. Wakampa.

Tangu hapo alikuwa Kuka Andati, babu wa wote. Aliulizwa habari za mahari, alipewa watoto wa kuitwa jina lake, na wake walioolewa pale walionywa mapema wasimwegemee na nguo ya kanisani, kwa kuwa utomvu wake hautoki hata kwa jiki. Maneno yake yalikuwa machache. Aliulizwa mambo ya wengine tu, akajibu ya wengine tu. Alikuwa mgomba, lakini alikuwa mgomba wao.

Kwa hiyo Awinja hakuona tatizo. Alifurahi, kusema kweli. Wageni wangapi hupata babu aliye tayari, ameketi, anangoja? Akamwandikia Emily kwamba nyumbani kwao pamepatikana, na kwamba ni kwao wote wawili. Emily alijibu kwamba analia mbele ya watu kwenye sitaha. Awinja naye akalia kidogo, peke yake, kwenye ngazi.

Kisha akampigia baba yake, mzee Bramwel, aliyekuwa amestaafu kazi ya kupima miwa kiwandani.

"Huyo mtu anataka nini?" Bramwel aliuliza.

"Anataka kuona tu, Papa."

"Watu hawavukangi bahari kuona tu."

"Ni mtoto wa kwetu, Papa. Kuka wake ni Kuka Andati."

"Basi mwambie mama yako atafute jogoo," Bramwel akasema.

Meli ingelala Mombasa siku mbili. Awinja alipanga kama mtu anayefuma kikapu: ndege ya asubuhi, Nairobi, Kisumu, gari la kukodi mpaka Butere, kulala katika gesti safi karibu na stesheni, na kurudi kesho yake kabla meli haijang'oa nanga. Mvua moja mbaya ingeharibu kila kitu. Mvua haikunyesha, na Ijumaa alasiri Emily akashuka garini kwa mzee Bramwel amevaa blauzi nyeupe, akatoa salamu ya "Mulembe" aliyoifanyia mazoezi tangu baharini. Mama Jescah, mkewe Bramwel, akamkumbatia akamwita mwanangu, na hakuwa anaigiza.

Walimtembeza. Miwa ilianzia barabarani ikateremka karibu mpaka mtoni, mirefu, mizuri, ya kuvunwa msimu ule. Sehemu ya juu ndiyo iliyokuwa na udongo wenye rutuba. Kwa miwa hiyo Bramwel alijenga nyumba ya matofali, akawasomesha wanawe wote, Awinja akiwa wa kwanza. Emily aligusa jani moja moja kama mtu anayepapasa vitambaa dukani, na Awinja akampiga picha.

Kuku walipoanza kuingia ndani, Kuka Andati akatoka, akajipangusa udongo, akaja kukaa kwenye benchi. Emily, aliyekuwa ameshaelezwa habari za mgomba njiani, alisogea kumpisha. Alikuwa amebeba watoto wa watu miaka mingi na alijua kumpa mtu nafasi. Alimtazama kwa utaratibu, kisha akamwambia Awinja kwa Kiingereza, "Hafanani naye. Babu yangu alikuwa mfupi."

Awinja akatafsiri. Kuka hakujua lugha yoyote ila ya pale.

"Shikanga alikadiria kwa macho," Kuka akasema.

Emily alicheka, akajifuta macho. Kisha akauliza swali alilokuwa amelibeba tangu utotoni. "Muulize, kwa nini walimzika babu yangu wakati alikuwa hai?"

Awinja alitafsiri hilo pia, bila wasiwasi. Mzee Bramwel, kwenye kiti chake karibu na mlango, aliacha kutafuta stesheni ya redio.

Kuka alikunywa maji yake yote kwanza. Hakuna aliyewahi kumuuliza habari zake mwenyewe.

"Nilikuwa nimesimama hapo hapo nyuma ya jikoni," akasema, "na mkungu ambao haujakomaa. Akaja mtu mmoja amevaa koti la jeshi. Akamwambia Shikanga, kaka yako ni mzima, yuko kwenye meli, amesema umchungie shamba lake la juu, atakuja akipata njia. Shikanga akampa uji. Akamsindikiza mpaka barabarani, vizuri kabisa. Aliporudi akanoa panga. Mimi nilidhani anataka mkungu."

Jogoo alikuwa ameshaiva, harufu ilitoka dirishani. Kuka aliendelea kwa sauti ile ile.

"Alinililia. Machozi yake yalinidondokea na yalikuwa ya kweli, siwezi kumsingizia. Lakini alijua. Na yule wa meli naye akapata habari huko kwamba ameshazikwa. Mtu akishaliliwa na kuzikwa haingiangi kwao na miguu yake. Akiingia, analeta kifo kwa watoto. Hiyo kila Mluhya anajua. Ndiyo maana alikaa huko mpaka akaisha. Shamba la juu ni lake, na huyu ni damu yake. Mwambie."

Awinja alimtazama baba yake. Bramwel alikuwa anatazama redio. Hakushangaa, hakukana, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikia taarifa ya habari aliyoisikia asubuhi. Ndipo Awinja akaelewa kwamba baba yake amejua tangu zamani. Aliona aibu. Kisha akaona hofu, na hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu: aliiona nyumba ya matofali, aliwaona ndugu zake wenye watoto, alimwona mama yake akitoka na godoro kichwani uzeeni. Emily alikuwa anangoja, uso wazi, tayari kupokea chochote.

"Anasema walimlilia sana babu yako," Awinja akasema. "Anasema machozi ya ndugu yake yalikuwa ya kweli."

"Ni hayo tu? Amesema maneno mengi."

"Lugha yetu ni ndefu," Awinja akasema.

Emily alimgeukia Kuka akamkumbatia kwa nguvu, akilia begani kwake. Kuka alimpigapiga mgongoni. Alipoachiliwa, alimwambia Awinja, "Asante kwa kumfikishia. Sasa nimepumzika." Kwenye blauzi nyeupe palibaki mstari wa utomvu kuanzia bega mpaka kiunoni, na Emily akauliza kama utatoka. Awinja akamwambia utatoka.

Awinja aliingia jikoni kuchota maji ya kunawa. Baba yake akamfuata, jambo ambalo hakuwa amelifanya maishani, maana jikoni si kwa wanaume.

"Papa, ulijua."

"Nilijua nini?"

"Haya ya Kuka."

"Huyo ni mgomba, Awinja. Utasimamisha mgomba kortini?" Alisema bila hasira. Kisha akapunguza sauti, mama Jescah asisikie, ingawa mama Jescah alikuwa hatua chache tu, anageuza ugali wa obusuma kwenye sinia, na hakuinua kichwa. "Na wewe ulisomanga na nini?"

Awinja alitaka kupiga kelele, alitaka kutoka nje amshike Emily mkono aanze upya. Alijaza birika maji akatoka nalo, na taulo begani, akamnawisha mgeni kwanza.

Walikula sebuleni, mlango wazi. Kuka aliketi kizingitini kwa sababu hali chakula na hupenda kuwa karibu na mazungumzo. Mama Jescah aliweka firigisi ya jogoo kwenye sahani ya Bramwel, kama ilivyo haki ya mwenye boma, na Bramwel akaila. Emily aliuliza kile kipande ni nini. Awinja akamweleza kwamba ni cha mwenye nyumba, cha mkubwa wa pale. Emily akasema ni desturi nzuri.

Walipokuwa wanamaliza, Emily aliweka mikono mapajani akajikohoza, kama mtu aliyejiandaa kusema jambo kanisani. Alisema amezunguka bandari nyingi na kila mahali alikuwa mgeni. Alisema pale, leo, kwa mara ya kwanza, mwili wake umetulia. Asingependa kuwasumbua. Lakini kama kuna mtu yeyote hapo jirani mwenye kipande kidogo cha ardhi anachoweza kuuza, cha nyumba ndogo tu, cha kuzeekea na kuzikiwa, yeye angenunua, bei yoyote wanayoiona ni ya haki.

Awinja alitafsiri. Aliposikia neno ardhi, Kuka Andati aliitikia kwa kichwa taratibu kizingitini, ameridhika, kwa maana kwake maneno yake yalikuwa yameanza kufanya kazi.

Mzee Bramwel alichokonoa meno kwa muda.

"Mwambie kuna kipande huko chini kabisa, karibu na mto," akasema. "Mvua ikinyesha maji yanasimamanga kidogo, na miwa haikubali. Lakini kwa vile ni mtu wa nyumbani, hatutamwacha aende kwa watu wa nje. Tutamuuzia sisi."

Hayo Awinja aliyatafsiri neno kwa neno, bila kuacha hata hilo la maji kusimama.

Emily alisimama, akazunguka meza, akaushika mkono wa mzee Bramwel kwa mikono yake miwili. Alisema hakutegemea kupokewa hivi. Alisema laiti babu yake angejua kwamba ndugu zake walikuwa wamemwekea nafasi muda wote huu. Awinja akalitafsiri na hilo.

"Mwambie karibu nyumbani," Bramwel akasema.

Awinja akamwambia.