Jina la Baba Mkwe

Jirani yetu MaBhele alinionya mapema. "Usimwogeshe, Vuyelwa. Ukimpeleka anang'aa kama bibi harusi, daktari atadhani mgonjwa ni wewe."

Mimi sisikii la mkuu. Nilimwogesha mama, nikamfunga kilemba, nikamtupia shali mabegani kama impasavyo mke wa watu. Pensheni ya uzee alikuwa nayo. Tulichokitafuta ni ile ruzuku ndogo ya juu yake, ya mtu asiyeweza kuachwa peke yake. Bila hiyo ningerudi mjini Monti kwenye kiwanda cha kushona, na mama angefungiwa ndani kwa kufuli. Mara mbili alikuwa amewasha jiko la mafuta ya taa juu ya kitanda. Fomu ilitaka saini ya daktari, na daktari huja kliniki yetu mara moja kwa mwezi.

Nilikuwa nimechoka hadi uchovu wenyewe siuhisi tena.

Daktari alikuwa kijana mgeni, Kixhosa hakijui. Muuguzi, Sista Nokhwezi, ndiye aliyemtafsiria.

"Daktari, mama yako mzima?" mama alianza yeye. "Mbona umekonda hivyo? Hawakulishi?"

Daktari akacheka. "Mama, hapa ni wapi?"

"Kliniki. Kwani hata wewe umepotea?"

"Na asubuhi umekula nini?"

"Nilichopewa. Mgeni hachagui."

Sista Nokhwezi aliguna kwa kicheko. Mimi nilitazama sakafu. Asubuhi ileile mama alikuwa ameniuliza mimi ni mtoto wa nani.

"Dada, mama yako ana akili kunishinda mimi," daktari aliniambia.

"Hiyo ni adabu, daktari. Adabu ndiyo iliyobaki."

Hakuonekana kunielewa. Akageuza karatasi. "Mama, baba mkwe wako aliitwa nani?"

Hapo nikapumua. Kwetu mke hataji jina la baba mkwe, awe hai awe kaburini, wala neno linalofanana nalo. Babu aliitwa Mvula, yaani mvua, kwa hiyo tangu aolewe mama hakuwahi kusema mvua. Alikuwa akisema "yanamwagika," nasi tunakimbia kuanua nguo. Nilijua atanyamaza, na daktari ataandika kwamba amesahau. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Adabu yake ingetupatia ruzuku.

"Mvula," mama akasema. Akacheka kama msichana. "Mvula, mzee mchoyo yule! Mvula!"

Hilo halikuhitaji kutafsiriwa. Daktari alitazama faili, pale nilipokuwa nimelijaza jina hilo, akaweka alama ya vema. "Umeona? Anakumbuka vizuri kabisa."

Sista Nokhwezi aliweka kiganja chake juu ya fomu.

"Futa hiyo, daktari."

"Kwa nini? Amepatia."

"Mke wa huku halitaji jina hilo hata awekewe kisu shingoni. Nilipoolewa, huyu mama ndiye aliyenifunda. Mwezi mzima alinikataza kusema neno 'jiwe' kwa sababu ya mkwe wangu." "Kama amelitaja mbele ya mwanamume, tena anacheka, basi huyu hayupo tena."

Daktari akanielekezea kalamu. "Mama, huyu ni nani?"

Mama alinitazama kwa heshima zote. "Ni mtu mwema. Ananiogesha. Jina sijamuuliza bado, ningeonekana mjeuri."

Daktari akafuta, akaandika upya, akatia saini. Nilichokililia miezi saba kilikuwa mkononi mwangu. Nilingoja furaha, haikuja. Nilingoja machozi, nayo hayakuja. Nilisema asante, nikaiingiza fomu kwenye mfuko wa plastiki, nikamshika mama mkono.

Nje wanawake walikuwa wamejipanga kwenye benchi na vitoto vyao. Matone ya kwanza yalianza kupiga bati. Mama akainua uso.

"Mvula!" akapaza sauti. "Jamani, Mvula huyo!"

Wanawake waliinamisha vichwa, kila mmoja akajifanya anamfunika mwanawe. Hakuna aliyecheka. Nilimvuta mama karibu, nikamrudishia mabegani shali lililokuwa limeteleza.

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Yanamwagika."