Nyayo za Chumba Namba Kumi na Nne

Saa moja na nusu asubuhi mfagizi wa jengo la uhandisi alifungua chumba namba kumi na nne, akaweka ndoo chini na kukuta sakafu imejaa nyayo. Zilikuwa za matope, kwa sababu jana yake mvua ilinyesha kule mtoni. Zilianzia chini ya dirisha, zikakatiza chumba, zikaishia ukutani. Kulikuwa na za watu wazima, za watoto wa shule na za mbuzi watatu. Alianza na za mbuzi, maana hukauka upesi.

Chumba hicho kilikuwa cha mhandisi wa madaraja, mwanamke aliyefundisha chuoni hapo. Miaka tisa nyuma alijenga daraja la miguu, la kamba za chuma, juu ya mto uliokuwa ukiua watu kila mvua kubwa. Tangu lifunguliwe, kila aliyevuka salama aliacha nyayo zake kwenye sakafu hiyo, kilomita mia mbili kutoka mtoni. Idara iliandika barua moja tu kuhusu jambo hilo, ya kuomba dekio la pili. Likaletwa.

"Jana wamevuka wengi, mwalimu," mfagizi alisema mhandisi alipoingia.

"Ilikuwa siku ya gulio, mama."

Asubuhi hiyo orodha ilibandikwa. Kila mwaka chuo kiliwapanga watafiti wa uhandisi kwa idadi ya mara walizonukuliwa na wenzao, na aliyeshika mkia miaka mitatu mfululizo hakuongezewa mkataba. Mhandisi alikuwa ameshika mkia mara mbili. Sasa ikawa ya tatu. Bila mkataba hakuna gari la idara la kumpeleka kukaza nati za daraja, na nati zikilegea hazisubiri kikao.

Kileleni alikuwa Profesa Jedwali, kama kawaida. Jina lake halisi lilishasahaulika. Hilo la utani lilitokana na jedwali la tatu katika makala aliyoiandika ujanani, ambamo nukta moja ilikaa pasipo pake, na kamba ya chuma ikapewa uwezo wa kubeba mara kumi ya uzito inaoweza. Tangu hapo kila aliyeandika kuhusu kamba alilazimika kumtaja ili kuwaonya wengine. Alikuwa ametajwa mara elfu moja mia nne na kumi na mbili. Orodha ilihesabu, haikusoma. Hata makala pekee ya mhandisi, kurasa mbili za kusema kwamba jedwali lile litaua watu, ilimwongezea profesa moja. Chanda chema huvikwa pete, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwahi kukaa kwenye kamati.

Kamati ya mikataba ilikuja ofisini kwa mhandisi, ikavua viatu mlangoni. Walipokuwa wanasoma kumbukumbu za kikao kilichopita, nyayo ndogo za miguu mitupu zilipita kati ya viti. Mkuu wa idara alisogeza kiti kuzipisha.

"Hizi ni za leo?"

"Za leo. Ni mtoto wa shule, amechelewa."

"Zimechapishwa wapi?"

"Hazijachapishwa popote. Mtu amevuka tu."

"Sasa dada yangu, tufanyeje?" Mkuu wa idara aligeuza fomu, akatazama na nyuma. "Hapa kuna sehemu ya kunukuliwa. Sehemu ya kuvuka haipo."

Profesa Jedwali, aliyekuwa mjumbe, alimwonea huruma. "Ungejitahidi kuandika. Mimi huandika hata nikiwa na homa."

"Najua," mhandisi alisema. "Nimeliona jedwali la tatu."

Wajumbe waliinama kuangalia viatu vyao, wakakumbuka viko nje.

Mkataba haukuongezwa. Mhandisi alifungasha spana zake na kofia ngumu, akalia kidogo kwenye ngazi, zaidi kwa hasira kuliko huzuni, akaenda kufundisha hesabu sekondari. Chumba alipewa Profesa Jedwali, kwa sababu kina dirisha kubwa. Nyayo hazikuhama. Profesa alizipima urefu, akapima matope na kwato, akaandika makala. Kufikia mwisho wa mwaka ilikuwa imenukuliwa mara mia tatu na sita. Katika marejeo alijitaja mwenyewe mara kumi na moja. Daraja aliliita "muundo uliokuwepo".

Likizo ya shule ilipofika, mfagizi alikuta nyayo za viatu ambavyo kisigino cha kushoto kimelika upande. Zilikwenda hatua mbili, zikafuatwa na alama za magoti, na pembeni alama ya spana iliyolazwa chini. Hatua mbili tena, magoti tena, hadi ukutani. Viatu hivyo alivijua, alikuwa amedeki nyuma yake miaka tisa.

Profesa alikuwa mezani anaandika. Mfagizi alichungulia karatasi: *Mtu asiyejulikana. Huanguka mara kwa mara. Pengine mlevi.*

"Asiyejulikana na nani, profesa?"

"Na utafiti, mama. Futa vizuri hapo, nina wageni saa nne."

Mfagizi alifuta, maana ndiyo kazi yake. Alianza na mbuzi, akaja watoto, na magoti akayaacha ya mwisho. Alipokuwa anakamua dekio, nyayo ndogo za miguu mitupu zilikatiza sakafu mbichi, mbio mbio, zikafika ukutani.

Akazifuta na hizo.