Mheshimiwa Atakata Nini?

Jenereta ya zahanati ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Mashine ya oksijeni kando ya kitanda ikanyamaza nayo. Muuguzi akamkabidhi Nyamal mfuko wa kumpulizia mtoto wake pumzi kwa mkono.

"Bonyeza, achia. Usiache. Mimi niko na wagonjwa wengine."

Mtoto alikuwa na siku tisa, hata jina hajapewa. Nyamal alibonyeza mpaka vidole vikakataa kujikunja, ndipo dada yake Nyakuon akampokea.

Dizeli ilikuwa imekwisha mtaa mzima wa Sherikat. Visima vya mafuta vinapungua, bomba linapasuka, na nchi iliyojigamba kwa mafuta miaka yote sasa inapanga foleni na madumu mkononi. Lakini juu ya bati la zahanati, paneli ishirini za sola zilikuwa zikiota jua la Juba bure, wiki ya pili sasa. Swichi yake ilikuwa ukutani nje, kando ya mlango, imefungwa utepe mwekundu.

"Nimeziunganisha zote, dada," alisema Jethro, fundi, akitazama viatu vyake. "Ni kuwasha tu. Lakini lazima Mheshimiwa aje akate utepe, azizindue. Nikigusa, nafutwa kazi."

Nyamal akamfuata Bior, msimamizi, aliyekuwa akipanga viti vya wageni chini ya hema.

"Mzee, mtoto wangu anakufa. Washeni stima."

"Malesh, samahani mama. Mheshimiwa iko Entebbe, anangoja ndege."

"Basi ile jenereta ndogo hapo nyuma?"

"Ile mafuta yake ni ya spika za muziki wa sherehe."

Alimtazama aone kama anatania. Hatanii. Nyamal akaingia ndani, akachukua wembe kwenye trei ya muuguzi, akatoka akaukata utepe, akawasha.

Mashine ikanguruma. Midomo ya mtoto ikaanza kurudiwa na rangi. Nyamal alicheka, akalia, akambusu Nyakuon shavuni. Kwa dakika kumi alikuwa mama kama mama wengine.

Bior akaja mbio.

"Nani amekata? Mheshimiwa atakata nini sasa?" Akazima.

"Na wewe si mzazi?"

"Mimi iko na watoto saba, mama. Hii shughuli ikiharibika, hizi paneli watang'oa, wapeleke kwa nyumba ya mkubwa. Mimi nimeona." Akaufunga utepe upya, fundo juu ya fundo, akamweka askari mwenye fimbo hapo kwenye swichi.

Simu ya Bior ikalia. Aliipokea amesimama wima.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Hakuna shida, Mheshimiwa." Alipoishusha hakumtazama mtu. "Ndege haiji leo. Wanasema Juba hakuna mafuta ya kurudi nayo. Khalas, ni kesho."

Nyamal alikuwa ameshaushika mfuko. Bonyeza, achia.

Jua lilisimama utosini, kali hata askari akahamishia kiti chake kivulini. Ndani, Nyakuon aliweka kiganja juu ya kifua cha mtoto akitafuta mapigo, akakiacha hapo muda mrefu, wala hakumwambia dada yake aache kubonyeza.