Mlango wa Ofisi ya Maziwa

Jengo jipya la ushirika wa maziwa wa Kiirua lilinyanyuliwa juu makusudi, kwa sababu wanakamati waliamini ofisi bila ngazi ndefu haina heshima. Haya, heshima wakaipata. Kisha wakamwajiri Kawira awe karani wa simu, na Kawira alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu tangu polio impate akiwa mtoto. Hapo ndipo walipoziangalia ngazi zao vizuri.

"Vijana wa kubeba makopo wapo," alisema Hezekiah, meneja. "Watakupandisha asubuhi, wakushushe jioni. Hutajua shida."

"Nitaijua sana, Bwana Meneja. Nikitaka kwenda msalani nipige mbinja?"

Watu walicheka, lakini Hezekiah hakucheka. Alimpa hadi mwisho wa mwezi awe amepata njia ya kuingia, la sivyo kazi ingeenda kwa mwingine. Kawira alikuwa ameitafuta kazi tangu amalize kidato cha nne, na hakuwa na nia ya kunyang'anywa na saruji.

Aliyeumia zaidi ni mama yake, Wambeti. "Nilikubeba mgongoni kwenda shule miaka yote ile," alisema, akipepeta maharagwe kwa hasira. "Leo kubebwa kumekuwa aibu?"

"Si aibu, mama. Nataka tu kufika kazini kama watu wengine."

Wambeti alizidi kupepeta. Maharagwe ndiyo yaliyokiona cha moto.

Fundi Mutugi akaambiwa ajenge njia ya mteremko kando ya ngazi. Alijenga upesi, akaja kumwita Kawira huku ametabasamu mpaka magego. Lo! Ilikuwa fupi, imesimama wima, na kila hatua ina tuta la saruji kutoka ukingo hadi ukingo.

"Nimekuwekea matuta usiteleze," alisema kwa fahari.

Kawira alijaribu. Magurudumu ya mbele yaligonga tuta la kwanza, kiti kikainuka, na kama Mutugi hangekidaka angeanguka chali. Ndipo Kawira akakumbuka alikoona kitu kama hicho: kwenye josho, pale ng'ombe wanapotokea wakiwa wamelowa dawa.

"Fundi, mimi nina kwato?"

Mutugi alishika kichwa. "Woi! Majosho ndiyo nimejenga maisha yangu yote. Nisamehe, dada."

"Samahani baadaye. Sasa lete ubao na mawe."

Wakaegemeza ubao kwenye rundo la mawe, Kawira akapanda, akashindwa. Wakapunguza jiwe, akajaribu tena. Waliendelea hivyo mpaka akapanda kwa mikono yake mwenyewe bila kung'ata meno. "Hapo," alisema. Mutugi alipima kwa kamba, na uso ukamshuka. Kwa mwinuko mdogo namna ile, njia ingebidi ianzie mbali, izunguke ukuta, ipite katikati ya waridi za meneja, zile alizopanda kwa mikono yake.

Hezekiah alitoka mbio. "Maua yangu? Hapana, hapana kabisa!"

"Maua yanahamishika, Bwana Meneja. Mimi nimehamishwa kutoka mgongo hadi mgongo tangu utotoni, na nimechoka." Kawira alisema hivyo kidevu juu, ingawa alijua angeweza kufutwa palepale.

Hezekiah aliitazama ile njia ya ng'ombe aliyojenga Mutugi, akausogeza ubao kwa kiatu. "Na ukifika juu," aliuliza taratibu, "kitasa utakifikia?"

"Hapana. Na swichi ya taa pia. Kwani viliwekwa kwa ajili ya twiga?"

"Mutugi, shusha vyote viwili," alisema meneja, akaenda kutafuta jembe ang'oe waridi zake.

Asubuhi ya kuanza kazi, wakulima walikuwa wamejipanga kando ya ua, makopo yao yakiwa chini. Kawira alianza kupanda njia mpya. Mzee mmoja alikimbilia kumsukuma, akaambiwa "Wacha!" na watu wengi kwa pamoja. Wambeti alitembea kando yake na kikapu cha chakula cha mchana, mkono wake mwingine ameuficha nyuma kwa sababu ulikuwa unamwasha kushika kile kiti.

Penye kona, Wambeti alisimama akihema. Magoti yake yalikuwa yamezeeka, na yeye pia ngazi zile alikuwa akiziogopa, ingawa hakuwahi kumwambia mtu. Aliinama, akamwekea binti yake kikapu mapajani.

"Hebu nibebee," alisema. "Mimi nimechoka."

 Kawira alikiweka kikapu vizuri kisimwagike, akashika magurudumu, wakapanda.