Nyayo za Kutoka

Hafidh aliamini kwamba duniani kuna mambo mawili ambayo hakuna wa kumfundisha: kupika pweza na kuondoa theluji. Pweza alijifunza kwao Wete, na theluji aliijulia Toronto, alikokaa miaka ishirini na minane. Kwa hiyo asubuhi ile, alipochungulia dirishani nyumbani kwa dada yake, Da Time, pale Harrow na kuona theluji imefika vifundoni, alifurahi kama mtu aliyekutana na wa kwao ugenini. London nzima ilikuwa imekufa ganzi. Treni hakuna, shule zimefungwa, na redio inazungumza kana kwamba vita vimeingia. Theluji ya vifundoni! Hafidh hakuwaelewa kabisa watu hawa.

Wiki tatu alizokaa hapo alikuwa mgeni wa kula na kulala, hata kikombe hakuruhusiwa kuosha. Kazi aliyopewa ilikuwa moja tu, nayo ni barua. Ziyad, mtoto wa dada yake, alikuwa na miezi saba hajatia mguu nyumbani. Alitaka kumuoa Adelina, binti wa Kikongo, na mama yake akapandwa na hasira akamwambia, "Usikanyage mlangoni kwangu." Kijana akalishika neno. Akahamia Stratford, upande wa pili wa London, akabadilisha na namba ya simu. Sasa hasira za Da Time zilikuwa zimekwisha zamani na mwanawe anamtaka, usingizi haumjii, ila pa kuanzia hapaoni. Ndipo akamwomba Hafidh amwandikie.

Hafidh akajaza kurasa mbili za Kiingereza. Afnan, mdogo wake Ziyad, alipoisoma barua alicheka mpaka akakaa chini.

"Mjomba, hii spelling gani? 'Neighbour' umeandika ya hapa, halafu 'tires' za Wamarekani. Choose one!"

Hafidh akamweleza kwamba Canada ndivyo wanavyoandika, wanachukua huku na wanachukua kule, na hakuna anayeuliza. Ukweli ni kwamba hata yeye, ungembana, asingekuwa na sababu ya kukupa. Da Time aliuliza kitu kimoja tu, kama maneno yake ya kumwita mtoto yamo. "Yamo," akasema Hafidh. Na kweli yalikuwamo, chini kabisa, baada ya salamu za jirani Sandeep na habari ndefu ya matairi mapya ya gari. Barua ilipostiwa Jumatatu. Sasa ilikuwa Alhamisi.

Basi akatoka nje kusafisha. Nyumba haikuwa na beleshi, akachukua sinia la pilau. Pale kibarazani akaona nyayo za viatu vya mwanamume. Zilianzia mlangoni zikashuka kijia cha gari mpaka barabarani. Za kuja hazikuwapo. Hafidh akasimama akihesabu watu wa nyumbani. Da Time yumo chumbani na msahafu wake, Afnan anakoroma, na yeye mwenyewe ndiye huyu hapa. Sasa nani ametoka? Akazitazama soli zake, akajiona mjinga, akasema labda ni mtu wa posta na mambo ya posta ya Waingereza hayajui. Akainamisha sinia.

Akasafisha kijia chote mpaka lami ikaonekana. Akasafisha na njia ya waendao kwa miguu mbele ya nyumba, maana Toronto usipoisafisha unapigwa faini. Akamalizia kwa kumwaga paketi mbili za chumvi ya jikoni. Sandeep alimtazama kutoka dirishani kwake kwa huruma, akampungia mkono.

Da Time alifungua mlango na Hafidh akajiweka sawa kupokea shukrani. Dada yake akaitazama lami nyeusi, akamtazama yeye, akaliona na sinia.

"Hafidh! Umefanya nini?"

"Nimekusafishia."

"Nani kakutuma? Tangu barua iende n'namngoja mwanangu. Leo nilivyoona theluji nikasema akija nitamjua kwa mguu, hata akiogopa kubisha." Akainama akiichungua lami. "Palikuwa na nyayo?"

"Palikuwa nazo."

"Za kuja?"

"Za kutoka tu. Za kuja sikuziona, ndiyo nikashangaa."

Da Time akakaa kwenye kizingiti, na baridi yote ile.

"Theluji imeanza alfajiri, nami niko macho," akasema. "Basi alikuja kabla. Kasimama hapa kibarazani, ikaanguka mpaka ikakatika, ndipo akaenda zake."

"Sasa kwa nini asibishe hodi? Barua si anayo?"

"Anayo yako wewe. Neno la kumkataza nililisema kwa kinywa changu, Hafidh. Mwanangu alikuwa akingoja kinywa changu."

Hafidh akaona aibu mpaka masikio yakawaka. Kurasa mbili nzima, na matairi! Akataka kusema nimekosa, lakini dada yake alikwishaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa koti juu ya buibui, na mkononi ana funguo za gari.

"Da Time, barabara kuu haijasafishwa."

"Wewe si mtu wa Toronto?"

Hafidh akafungua mlango wa kushoto, akakuta hakuna usukani. Akazunguka upande wa pili akiomba Mungu, kwa sababu upande huu wa barabara hajaendesha tangu ujana wake Wete. Gari likashuka kijia polepole, likaingia kwenye theluji, likayumba kidogo na kunyooka. Da Time alikuwa akitazama mbele tu.

"Tukifika Stratford usifungue mdomo," akamwambia. "Hodi nitapiga mimi."