Zulia la Upande wa Baba

Tangu pikapu ile nyeupe iingie nyumbani kwao, mwanamke fundi wa makochi hakujua raha. Aliinunua ya mtumba ili abebe mwenyewe makochi ya wateja, aache kubembeleza wenye magari. Kwa sura gari halikuwa na neno. Ila maji ya rejeta lilikuwa likiyanywa kama limetoka jangwani, na hakuna aliyejua yanakokwenda.

Kila akienda mwendo mrefu alisimama kando ya barabara, akafunua boneti, akalizunguka gari kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alilala chali chini yake akachungulia: pakavu. Alipapasa mipira ya maji mmoja mmoja: mikavu. Usiku aliliwekea boksi lililokunjuliwa chini ya injini, na asubuhi boksi lilikuwa safi kama lilivyotoka dukani. Akifungua kifuniko, maji yameshuka tena. Basi akawa anaendesha jicho moja barabarani, jingine kwenye mshale wa joto, na kioo cha mbele nacho kinamkera, kila mara kina utando wa mafuta mafuta kwa ndani, afute, urudi.

Kiti cha pembeni kilikuwa cha baba mkwe wake. Mzee ndiye aliyemfundisha ufundi, na mpaka leo walikwenda pamoja kwa wateja, yeye akipima vitambaa na kutaja bei, maana bei akiitaja mzee watu hawabishi. Macho yalikuwa mazima na mikono mizima. Sukari ilikuwa imemtia ganzi miguuni tu, hata akikanyaga kokoto hana habari.

Sasa kulikuwa na jambo moja ambalo mwanamke huyu, mkwe wa mzee, alimwambia mumewe peke yake. Kila wakirudi safari ndefu, zulia la miguuni upande wa baba lilikuwa limelowa. Mara ya kwanza alidhani chupa imemwagika. Mara ya pili alimwona mzee anashuka upesi upesi, ameshika upindo wa suruali, hamtazami mtu. Akaelewa, au alidhani ameelewa. Hakunusa, hakugusa. Nani atachunguza mambo kama hayo ya baba mkwe wake? Alingoja mzee aingie ndani, akalivuta zulia kwa ncha za vidole huku uso kaugeuzia ukutani, akalitumbukiza kwenye beseni la sabuni nyuma ya nyumba, kisha akalipiga brashi. Asubuhi lilikuwa mahali pake, kavu, kana kwamba hapakuwa na lolote.

Mumewe alipoambiwa alikuna kidevu.

"Basi mzee amechoka. Jumamosi nampeleka kwa dada. Kule kuna watu wa kumwangalia."

"Wamwangalie nini? Mbona anafanya kazi?"

"Anafanya kazi, na wewe unamfulia zulia."

Mzee aliambiwa anakwenda kupumzika. Akasema, "Sawa," akainuka mezani. Toka hapo chai ya asubuhi hakuigusa, na maji ya kunywa akawa anayaonja kama dawa chungu.

Ijumaa, wakitoka kupeleka kochi, mshale ukapanda na mvuke ukatoka chini ya boneti. Wakajikokota mpaka gereji ya fundi mmoja aliyeitwa Nati, kwa kuwa mfuko wa ovaroli yake ulijaa nati, ukilia kama njuga kila anapopiga hatua. Kabla hajafika karibu, mkwe alikwisha kulivuta zulia lililolowa na kulisukumia nyuma ya kiti. Mzee akaenda kukaa juu ya tairi kuukuu.

"Mama, gari lako lina kiu kuliko mwenyewe," Nati alisema. "Linavuja wapi?"

"Ningejua ningekuja kwako?"

"Hilo nalo neno."

Injini ilipopoa akaijaza maji na dawa ya kijani ya rejeta, ile ile ambayo mkwe alikuwa akiiongezea siku zote, akafunga mdomoni mwa rejeta pampu yenye saa ya kupimia presha, akasukuma. Sindano ikapanda, ikasimama kidogo, ikaanza kushuka taratibu. Akaingia chini na tochi. Akatoka.

"Inashuka, na chini hakuna tone. Oili safi, haijachanganyika. Moshi mweupe unatoka?"

"Hautoki."

"Ndani je, mnapokaa? Hakuna unyevu?"

Mkwe akamtupia jicho mzee pale kwenye tairi. Mzee alikuwa ameinamia viatu vyake.

"Ndani pakavu," alisema.

"Basi yanaungulia kwenye silinda. Kesho tuifungue injini. Hiyo ni kazi, nisikufiche."

Kesho ndiyo Jumamosi yenyewe. Mkwe hakuweza kusimama wala kukaa. Alienda mpaka geti akarudi, akahesabu tofali za ukuta akapotea, mwishowe akaingia garini upande wa baba kuitafuta simu yake. Mkono ulipotua kwenye kiti, kidole gumba kikabonyeza chenyewe, kwa mazoea ya kazi. Sponji ilikuwa kavu. Akabonyeza katikati, akabonyeza kingo, akaingiza vidole kwenye mshono. Kavu kabisa. Na sponji ikishalowa haikauki kwa siku moja, hilo alilijua kama jina lake.

Akajiuliza, ni haja gani hii inayoruka kiti kizima na kutua miguuni?

Akalivuta zulia kule nyuma, na kwa mara ya kwanza akalikamua kwa mikono miwili. Likatoa maji ya kijani, yanateleza kama mlenda, yana harufu tamu tamu ya peremende. Akainama chini ya dashibodi. Tone moja likamdondokea kwenye kiganja.

"Fundi," aliita. "Fundi, nilikudanganya. Ndani kumelowa. Kumelowa siku zote."

Nati akaja, akaingiza kichwa, akakaa humo kitambo.

"Aa. Rejeta ndogo ya hita, ile ya kupasha joto watu. Gari limetoka nchi za baridi hili. Imetoboka, inamwagia abiria miguuni, na mvuke wake ndio unaotia utando kioo." Akatoa kichwa. "Nitaunganisha hii mipira miwili, maji yasipite huku kabisa. Hita ya nini na jua hili? Lakini mama, ungesema mapema. Ningefungua injini bure."

Mzee alikuwa ameshainuka. Alikuja polepole, mkono mmoja kwenye bodi la gari.

"Sema tena, fundi. Inamwagia nani?"

"Anayekaa hapa, mzee wangu."

Mzee akalitazama zulia, akamtazama mkwe wake.

"Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe, baba."

"Mimi miguu haisikii. Nilipoona kumelowa, nikajua ndiyo hivyo tena, uzee umefika. Na brashi yako nilikuwa naisikia kule nyuma. Kila mara."

Mkwe akatamani ardhi immeze. "Nisamehe, baba. Ningekuuliza vipi?"

"Usingeweza. Na ungeuliza, ningekukatalia, halafu nisiongee nawe mwezi." Mabega yakamtikisika, haikujulikana mara moja kama anacheka. "Mpigie mumeo."

"Nitamweleza jioni tukifika."

"Mpigie sasa hivi, nikiwa hapa. Jioni nitakuta begi langu limeshafungwa."

Vidole vilikuwa bado vinateleza kwa ile dawa, simu nusura imponyoke. Mumewe alipopokea, mzee akainyakua, akaiweka sikioni juu chini, akageuziwa.

"Mwanangu, mimi ni babako. Nipo gereji. Sikiliza vizuri, kuna fundi hapa atakueleza gari lako limekuwa likifanya nini miguuni mwangu." Akamnyooshea Nati simu, kisha akairudisha tena kwake kabla fundi hajafungua mdomo. "Na dadako mwambie asitandike kitanda. Kesho nina kochi la kupima."